Shati Limefuliwa, Mbona Linanuka?

Ilikuwa wiki ya tatu ya mazoezi ya kufundisha, kipindi cha saa saba na nusu mchana, Kidato cha Pili, somo la Biolojia. Darasa lina bati bila dari, na wanafunzi ni wengi kuliko madawati. Nilikuwa nimegeukia ubao nachora seli ya mmea, mkono wa kulia juu, na nilipowageukia tena, binti wa dawati la mbele alikuwa amejiziba pua kwa daftari. Hakufanya kwa dharau wala hakucheka. Alikuwa anajitahidi nisimwone, na hapo ndipo paliponiuma.

Shati lenyewe lilifuliwa juzi yake. Lilifuliwa kwa mashine, likaanikwa juani, likapigwa pasi. Asubuhi nililinusa kabla ya kulivaa, likawa linanukia softena tu. Ila kufika saa nne, jasho likishaanza kazi yake, lilikuwa linanuka kama dekio lililosahauliwa kwenye ndoo.

Nilikuwa naishi kwa mama mdogo, Mbezi, kwa sababu shule niliyopangiwa ilikuwa daladala moja tu kutoka pale. Mama mdogo ana mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, ya kilo 7, ile yenye kioo cha mviringo kama dirisha la meli. Kwangu mimi niliyetoka hosteli, kwenye beseni na foleni ya bombani, ile mashine ilikuwa kama kupandishwa cheo. Naijaza usiku, nabonyeza, naenda zangu kuandika andalio la somo, nalala. Asubuhi dada wa kazi anatoa nguo anaanika.

Sasa, nyumba nzima ilijua kwamba nguo zinavunda, na nyumba nzima ilikuwa imeshampata mkosaji. Mama mdogo alisema ni dada, anaziacha humo mpaka zinaota. Softena ikaongezwa, harufu ikabaki palepale na manukato juu yake, yaani ndio ikawa mbaya zaidi. Mwisho wa mwezi akamkata dada shilingi 20,000 kwa ajili ya shuka mbili za wageni, na jioni moja nikamsikia kwenye simu akimuulizia mtu mwingine wa kazi. Dada alijitetea mara moja tu: "Mama, mimi naanika mapema, kabla hata watoto hawajaamka." Halafu akanyamaza. Mimi nami nilinyamaza, na nilijua vizuri ni nani anayejaza mashine saa nne usiku na kuziacha nguo zikiwa mbichi humo ndani mpaka alfajiri.

Ndiyo sababu nikaanza kusoma habari za mashine za kufulia kwa bidii ambayo sijawahi kuipa kozi yoyote. Najua wengi wetu chuoni tunafua kwa mikono. Ila likizo unarudi nyumbani, na siku hizi hata nyumba za kupanga za wanafunzi unakuta watu wamechangishana wakanunua moja. Kama nguo zako zinanuka zikilowa jasho wakati zimefuliwa, soma.

Tuanze na mashine yenyewe. Ile ya zamani ya matangi mawili, unayoijaza kwa juu, inatumia maji mengi, na ukimaliza inabaki wazi hewa inapita. Ya mlango wa mbele imelala ubavu. Ili maji yasimwagike mlangoni imezungushiwa mpira mnene wenye mikunjo, na kwenye mkunjo wa chini maji hubaki kila baada ya kufua. Halafu kuna jambo ambalo sikulijua kabisa: pipa la chuma lenye matundu unaloliona ukifungua mlango limekaa ndani ya pipa jingine, kubwa zaidi, mara nyingi la plastiki, ambalo hulioni kamwe. Uchafu wa nguo unapita kwenye matundu unaenda kule. Kwa kuwa maji ni machache, si uchafu wote unaosukumwa nje. Mafuta ya mwili, ngozi iliyokufa, mabaki ya sabuni na softena vinaganda kwenye kuta za lile pipa la nje, na bakteria na kuvu vinaweka kambi juu yake.

Umewahi kuingiza mkono kwenye jaba la maji ambalo halijasuguliwa muda mrefu? Ule utelezi unaoupapasa ukutani ndio huo huo. Bakteria wakishapata mahali penye unyevu na chakula hujijengea ute, wakakaa ndani yake kama wamejifunika blanketi. Maji ya baridi na sabuni kidogo vinapita juu tu. Kila ukifua, nguo zako zinasuuzwa na maji yaliyopita mle.

Kuhusu harufu yenyewe, mwaka 2012 watafiti wa Japani walichapisha matokeo yaliyonifanya nicheke peke yangu kwenye daladala. Walichunguza nguo zilizofuliwa ambazo bado zinanuka, wakamkuta bakteria aitwaye Moraxella osloensis, anayetengeneza asidi fulani ya mafuta yenye harufu ambayo wao wenyewe waliifananisha na kitambaa kichafu kibichi cha kupangusia. Kwa Kiswahili chetu, dekio. Kingine walichokiona ni kwamba bakteria huyu anavumilia sana ukavu, na hata miale ya jua aina ya urujuanimno. Hapo shati langu likawa limeeleweka. Juani linakauka, bakteria anabaki kwenye nyuzi za kitambaa ametulia tu. Nikilivaa ninampa joto na unyevu wa kwapani, anaamka. Na dada wa watu alikuwa anaanika juani kila siku, halafu anaambiwa haaniki vizuri.

Jumamosi iliyofuata nikamwomba mama mdogo ruhusa niifungue. "Wewe ni fundi tangu lini?" akaniuliza. Fundi wa kweli alikuwa ameshakuja mwezi uliopita, akasema mpira umeoza, ubadilishwe kwa shilingi 85,000. Simlaumu sana, mpira ulikuwa na madoa meusi kweli. Ila mpira mpya ungevunda vilevile baada ya miezi michache, kwa sababu kilichouvundisha hakikuguswa. Nikamwambia, mama, nipe leo tu, nikiharibu nakatwa mimi. Akaguna, akasema endelea.

Kwanza chomoa waya kwenye umeme. Kisha shika mdomo wa mpira, uvute kuelekea kwako, uupindue, pitisha kidole kwenye mkunjo wa chini. Mimi nilitoa soksi moja ya mtoto, vibanio vitatu vya nywele, sarafu ya shilingi 200, na tope jeusi lenye kunata. Nililisugua kwa kitambaa na maji ya moto yenye sabuni, na kwenye pembe nikatumia mswaki wa zamani. Madoa meusi yaliyoingia ndani ya mpira hayatoki yote, usijisumbue mpaka ukautoboa. Muhimu ni ute uondoke.

Pili, droo ya sabuni. Wengi wanaifuta kwa juu. Mara nyingi ina kidude unakibonyeza na droo yote inatoka. Geuza uangalie chini, halafu tazama dari la lile shimo ilikotoka, pale maji yanapodondokea. Kwetu palikuwa peusi kama chungu. Chumba cha softena kilikuwa na ute mzito wa rangi ya maziwa, na hapo nikakumbuka chupa zote zile tulizonunua ili kuondoa harufu. Softena kazi yake ni kuacha utando laini wenye mafuta kwenye nguo, na utando huohuo hubaki kwenye mashine. Tulikuwa tunawalisha.

Tatu, chujio la pampu, ambalo mafundi wanaliita filta. Liko chini mbele, kwa kawaida kwenye kona ya kulia, nyuma ya kifuniko kidogo. Hapa usifanye kosa langu. Nilikizungusha kizibo chote kwa mara moja, na karibu lita mbili za maji ya siku nyingi zikamwagika jikoni. Harufu ile sitaki kuieleza. Dada alikuja mbio na beseni na madekio, akaniangalia, akasema, "Kaka, kumbe mzimu ulikuwa huku?" Weka beseni la chini kwanza, fungua robo robo, maji yatoke kidogo, funga, mwaga, rudia. Ndani ya chujio tulikuta bonge la nywele na nyuzi, vijiti vya meno, kifungo, na kitu ambacho hatukukubaliana kilikuwa nini.

Dada alikuwa hajui kama kuna chujio. Mama mdogo hajui. Aliyekuja kuifunga mashine miaka minne iliyopita hakumwonyesha mtu. Kijitabu cha maelezo kilikuwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni, hakijafunguliwa.

Baada ya hapo ni zamu ya lile pipa lisilofikika, na hapo huna brashi zaidi ya dawa na joto. Mashine ikiwa tupu kabisa, nilimimina nusu kikombe cha jiki kwenye droo, nikachagua mzunguko mrefu wa nguo za pamba kwa maji ya uvuguvugu, na baadaye mzunguko wa kusuuza peke yake. Ulipoisha ndipo nikaweka nyuzi 90, tupu tena, bila kitu kingine. Kupitia kioo niliona maji ya kahawia na vipande vyembamba kama ngozi ya vitunguu vikielea. Nikarudia nyuzi 90 mara ya pili. Safari ya tatu maji yakawa maji. Nguo za kwanza kufuliwa baada ya hapo ziwe madekio na mataulo ya zamani, maana vipande vingine hubanduka baadaye, usije ukatoa kanzu nyeupe ya baba ina madoadoa.

Nisimame kidogo hapa, kwa sababu mama mdogo alitokea mlangoni na chupa ya siki, akasema tuweke na hii, tumalize kazi moja kwa moja. Jiki na siki visikutane, hata kidogo. Vikikutana hutoka gesi ya klorini, nayo huunguza macho na mapafu, jikoni kwenye dirisha moja si mchezo. Siki ina kazi yake siku nyingine: kuyeyusha ukoga mweupe wa chumvichumvi, hasa kwenye nyumba zinazotumia maji ya kisima, ambao unagandia kile chuma cha kuchemshia maji. Ila si ya kila wiki, asidi inachosha mpira. Na zile video za kuchanganya siki na magadi soda zikatoa povu la kupendeza, kwa mtu aliyesoma Kemia ni vichekesho: asidi na besi zinauana, unabaki na maji ya chumvi. Ukitaka kuvitumia, tumia kila kimoja kwa wakati wake.

Tulipomaliza, mashine ilinukia vizuri kwa siku mbili. Siku ya tatu asubuhi harufu ikarudi, na mama mdogo akanitazama bila kusema neno. Ila dada ndiye aliyeinama akanusa, akasema hii siyo ile. Alikuwa sahihi. Ile ya kwanza ilikuwa ya uvundo, ya unyevu. Hii ilikuwa ya choo, na ilikuwepo hata kabla mashine haijawashwa. Tukavuta mashine kutoka ukutani. Bomba la kutolea maji machafu lilikuwa limesukumwa ndani kabisa ya bomba la ukutani linaloelekea chemba, likafungwa kwa ukanda wa mpira. Chini ya sinki pana ile kona iliyopinda inayobaki na maji, nayo ndiyo inayozuia hewa ya chemba isipande. Pale kwenye mashine haikuwepo, hewa ilikuwa inapanda moja kwa moja mpaka kwenye pipa. Fundi bomba wa mtaani akaweka kona, akalikata bomba la mashine lisizame mbali, na akalipandisha, maana linatakiwa liingie ukutani likiwa juu, kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni, la sivyo maji hujivuta yenyewe wakati mashine inajaza. Nusu saa imekwisha.

Kwa hiyo kabla hujanunua dawa yoyote, nusa kwanza ujue unanusa nini.

Tukabaki na lile gumu zaidi, tabia zetu. Mama mdogo alikuwa ameamuru maji ya baridi kwa kila nguo, kwa ajili ya LUKU. Nikamfanyia hesabu kwenye karatasi. Mzunguko wa nyuzi 60 kwenye mashine kama ile unakula takribani uniti moja, haifiki shilingi 500. Softena tuliyokuwa tunamaliza kwa mwezi ilikuwa ghali kuliko kufua kwa maji ya moto mara moja kila wiki. Mashuka, mataulo na fulana za ndani ndizo ziende nyuzi 60, nguo nyingine zibaki kwenye baridi kama kawaida. Maji ya moto yanayeyusha mafuta na kuwapunguza bakteria kwenye nguo na kwenye mashine kwa pamoja.

Sabuni ilileta mjadala mrefu kuliko wote. Sisi tumelelewa kuamini kwamba sabuni isiyotoa povu ni feki. Kwenye beseni, sawa. Lakini mashine ya mlango wa mbele inafua kwa kuzinyanyua nguo na kuzidondosha, kama mtu anavyopigapiga nguo kwenye jiwe mtoni. Povu likijaa, nguo zinadondokea kwenye godoro, uchafu hautoki. Na povu linapanda mpaka mahali ambapo maji ya kusuuza hayafiki, linakauka, linakuwa gundi. Tulikuwa tunaweka kikombe kizima cha sabuni ya kufulia kwa mikono. Sasa ni vijiko viwili vya chakula vya ile iliyoandikwa kuwa ni ya mashine za otomatiki. Dada aliweka viwili, akachungulia kwenye kioo, hakuona povu, akaniambia hapa tunachezea maji tu. Nguo zilipotoka alizinusa moja moja, za kwapani mara mbili, hakusema kitu, na tangu siku hiyo ni yeye anayempigia mama mdogo kelele akizidisha.

Mlango je? Kila kijitabu kitakwambia uuache wazi baada ya kufua. Mle ndani mna mtoto wa miaka mitatu ambaye kila shimo kwake ni nyumba, na mtoto akiingia kwenye mashine akajifungia ni balaa, kwa hiyo mama mdogo hakuwa mjinga kuamuru ufungwe. Tulichokubaliana ni kwamba nguo ya mwisho ikitoka, mpira unafutwa kwa kitambaa kikavu, droo inavutwa nje, na mlango unaachwa wazi saa za mtoto yuko chekechea au mlango wa jikoni umefungwa kwa ufunguo. Kabla hajarudi, unafungwa.

Na hakuna kujaza saa nne usiku. Hili nililisema mwenyewe, mezani, Jumapili. Nilimwambia mama mdogo kwamba nguo zilizokuwa zinalala humo ni zangu, nilikuwa naziweka mimi, na dada alikuwa anazitoa mapema kuliko mimi nilivyoamka. Nilitegemea kupigiwa kelele. Alikaa kimya muda, akaendelea kumenya chungwa, kisha akauliza, "Na ulikuwa unasubiri nini muda wote huo?" Sikuwa na jibu. Niliona aibu, na shikamoo yangu ya kesho yake asubuhi ilikuwa ya chini sana.

Mwisho wa mwezi dada alipewa mshahara wake kamili na ile 20,000 juu. Hakuna aliyemwomba radhi kwa maneno, kwetu mkubwa haombi radhi hivyo. Alimnunulia pia kitenge. Dada alinionyesha, akaniuliza kama rangi itachuja nyuzi 60. Nikamwambia kitenge ni baridi, peke yake, mara ya kwanza.

Nguo zilizokwisha kuvunda hazikupona zote. Nyeupe za pamba zilipona kwa kulowekwa kwenye maji ya moto na jiki kidogo. Za rangi, nyingi zilipona kwa nyuzi 60 mara mbili mfululizo, kisha jua. Lile shati la bluu ni la nailoni, halikustahimili joto wala jiki. Nililijaribu mara nne, na siku ya tathmini, msimamizi kutoka chuoni akiwa amekaa nyuma ya darasa, nilivaa jingine. Binti wa dawati la mbele alinyoosha mkono mara mbili siku hiyo, akajibu vizuri zote. Shati la bluu liko Mbezi, jikoni. Dada alilikata katikati, na ndilo analofutia mpira wa mashine.